Kidevu cha Mwaniki

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimejikata tena. Safari hii ni chini ya sikio, mahali ambapo hata ndevu hazioti. Sijui wembe ulifuata nini huko.

Kosa si langu. Kosa ni la Mwaniki! Mwalimu Mwaniki, jirani yangu hapa Majimbo, nyumba inayotazamana na yetu. Ametundika kioo kwenye nguzo ya baraza lake ili anyoe ndevu mbele ya mtaa mzima. Bafu analo. Maji anayo. Lakini wapi! Lazima atoke nje na wembe wake wa kukunja, wa zamani za kale, auburute kwenye mkanda wa ngozi, shwa, shwa, shwa, ajipake povu, kisha anyoe polepole huku akiimba puani nyimbo za kanisani. Chuma kiko kooni na mtu anaimba! Mimi nilikuwa dirishani namtazama huku najinyoa. Ndipo nikajikata.

Akina mama wanaokwenda sokoni husimama kumsalimu. Ati Mwalimu, leo umeng'ara. Ati Mwalimu, kidevu ni kama cha mtoto. Jana hata mke wangu Phyllis alisema hajawahi kuona kidevu laini kama kile. Nikamuuliza amekigusa lini. Akacheka mpaka akakaa chini. Sikuona cha kuchekesha.

Iandikwe hapa ili ijulikane: mimi Ireri ndiye niliyeanza. Kabla yangu hakuna mtu hapa Embu aliyekuwa anakusanya nyembe za kale. Niliondoa vyombo vya Phyllis kwenye kabati la kioo, nikapanga nyembe zangu, nikaweka na taa ndogo. Mwaniki alikuja kuazima ngazi, akaliona kabati, akauliza maswali, nami mjinga nikajibu yote. Mwaka haukuisha, kumbe naye ana zake. Na zake ni nzuri kuliko zangu! Tena ni yeye aliyegundua kwamba ule wembe wa chifu niliouleta kutoka Siakago kwa mbwembwe nyingi ni kisu cha kuchongea kwato za punda. Wageni walikuwa wamejaa sebuleni. Hakunitangaza. Aliniinamia akaninong'oneza sikioni. Huo ustaarabu wake ndio ulioniuma kuliko kitu chochote.

Lakini leo Mungu amenikumbuka. Shueib amepiga simu. Huyu Shueib ana duka la vitu vya zamani pale Meru mjini, karibu na soko la Gakoromone: taa za chemli, pasi za makaa, redio za mbao. Anasema kuna mzee Maua, anaitwa Kaimenyi, ana wembe ambao baba yake alirudi nao kutoka vita vya Burma, alikokuwa akiwanyoa maofisa. Mpini ni wa pembe. Nikamuuliza kama amemwambia Mwaniki. Akaapa wallahi hajamwambia. Halafu, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo tu, akasema lakini siku hizi humwona Mwalimu akipita kwenda Maua mara kwa mara.

Kitu kidogo! Mwaniki hana shamba Maua. Miraa hatafuni. Mke alimzika zamani, Mungu amrehemu, kwa hiyo si kwamba ana wakwe huko. Anafuata nini kama si wembe?

Wakati wa chakula Phyllis akaanza kusema ati kuna jambo la Mwalimu anataka nijue. Nikainua mkono. Nilishatoa amri zamani: jina hilo halifiki mezani pangu. Akasema haya, Baba Muthoni, utaambiwa siku utakayotaka kusikia.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwambia Phyllis nakwenda Meru kutafuta kifaa cha kamera ya studio yangu ya picha. Uongo mdogo, kwa kazi kubwa. Nikaenda moja kwa moja hadi Maua.

Mzee Kaimenyi anakaa juu kidogo ya mji, boma safi, miraa imezunguka pande zote. Ni mzee mrefu, mkunjufu, ila macho yana ukungu. Anakutazama kama vile bado uko langoni na wewe uko mbele yake. Akaniuliza kama mimi ndiye yule wa Embu. Nikasema ndiye. Akaniuliza kama ni yule wa nyembe. Moyo wangu ukavimba! Kumbe sifa zangu zimefika mpaka Maua! Nikasema ndiye haswa, hakuna mwingine.

Alifurahi ajabu. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasikitika kwamba binti yake Winfred hayuko, ni muuguzi, ameingia zamu. Nikasema si neno, nitamwona siku nyingine. Binti wa nini mimi? Nimekuja kwa wembe. Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa, nusu kikombeni, nusu mezani, na akaleta wembe wenyewe ukiwa ndani ya kitambaa.

Ngai! Mpini mweusi, wa pembe, umelainishwa na vidole vya watu waliokwisha kufa. Chuma ni cha Sheffield, hakina kutu hata kidogo. Ukiufungua unatoa sauti ndogo, tik. Nilifungua na kufunga, nikafungua tena, mpaka Mzee akaniuliza kama niko sawa.

Nikamwambia ataje bei. Uso wake ukabadilika. Akasema wembe wa baba yake hauuzwi, hutoka kwa mkono na kwenda kwa mtu wa nyumbani. Kisha akatabasamu, akasema nisiwe na haraka, mambo haya yana njia yake, nije Jumamosi kama tulivyopatana, ndugu zake watakuwepo. Sikukumbuka kupatana naye lolote. Lakini mzee ni mzee, husahau. Nikasema nitakuja.

Sasa ndiyo sehemu iliyonipandisha presha. Narudi mjini, nikifika pale wanapofunga miraa, namwona nani? Mwaniki! Na koti! Nikaruka nyuma ya pikapu nikachuchumaa. Yuko na muuzaji, anamwelekeza. Kitita kikubwa cha miraa, kifungwe vizuri kwa majani ya mgomba, kamba ya mgomba, fundo safi. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema kiwe tayari Jumamosi, anakipeleka kwa Mzee Kaimenyi. Muuzaji akamshika mkono kwa heshima kubwa.

Hapo ndipo pikapu ikaondoka. Pikapu za miraa hazingoji mtu. Ikatoka mbio kuelekea Nairobi, nikabaki nimechuchumaa katikati ya barabara kama anayechimba dawa. Bahati nzuri Mwaniki alikuwa ameshageuka. Mama mmoja akaniuliza kama ninaumwa na tumbo.

Lakini siri nimeipata! Mzee hapokei pesa. Anapokea kitita. Ndiyo bei yenyewe. Na huyu mnafiki anayenong'oneza watu masikioni alitaka kunitangulia.

Jumanne, 5 Agosti

Nimejikata juu ya mdomo. Phyllis ananiuliza kwa nini nisitumie wembe wa plastiki kama wanaume wengine. Kuna mambo ambayo mwanamke anayeshinda kwenye cherehani hawezi kuyaelewa.

Mwaniki alivuka akaja na jiwe la shabu la kuzuia damu. Alinionyesha tena namna ya kulaza wembe, na kuvuta ngozi kwa mkono mwingine. Sikumsikiliza. Nilikuwa natazama kidevu chake. Hakuna hata kipele!

Akakaa. Akazungusha kofia mikononi. Akasema ana ombi moja kubwa kuhusu Jumamosi, na hana mtu mwingine wa kumwomba ila mimi. Nikamwambia Jumamosi nina shughuli. Hakumaliza hata sentensi. Akasema pole kwa kunisumbua, akaenda zake akiwa mnyonge.

Ombi! Bila shaka alitaka nimlindie nyumba wakati yeye anakwenda kuchukua wembe wangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Akina mama wamejaa kwa Mwaniki tangu mchana. Vicheko. Wanapanga kitu. Phyllis naye yumo, na amepiga pasi lile gauni lake la kitenge la harusi za watu. Akaniambia Jumamosi anasafiri na wenzake kwa shughuli. Nikamuuliza ya nani. Akasema jina la mwenyewe haliruhusiwi kufika mezani.

Nikamwambia safari njema. Nilijizuia kuruka kwa furaha! Mke hayuko, hakuna maswali, njia nyeupe.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimempigia simu yule muuzaji wa Maua. Namba nilipewa na Shueib, ambaye pia alitaka kujua ya nini, nikamwambia afunge mdomo. Nimeagiza kitita kikubwa kuliko cha yule mwalimu wa Embu. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema mara mbili ya kile, na majani ya mgomba mabichi. Halafu akaniambia hongera sana, mzee, umri si kitu.

Nikasema asante. Umri umeingiaje hapa? Lakini watu wa biashara huongea ovyo.

Natoka alfajiri. Nimechukua suti ya kijivu. Plasta tatu, zote ndogo.

Jumapili, 10 Agosti

Jana sikuandika. Acha niandike leo, Phyllis akiwa kanisani na mlango ukiwa umefungwa.

Nilifika kwa Mzee Kaimenyi kabla ya chai ya saa nne, kitita kiko begani. Ndugu zake walikuwa wameshaketi, wazee watatu, fimbo na kofia. Nilipoweka kitita mezani wote walikigeukia. Mmoja alikipima kwa macho akapiga mluzi. Mzee Kaimenyi akapapasa majani, akapapasa fundo, akasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba tangu azaliwe hajaletewa cha heshima kama hiki.

Nilitamani Mwaniki angekuwepo aone!

Wakanikalisha kwenye kiti cha katikati, chenye kitambaa cheupe. Wakaanza kuzungumza Kimeru. Sisi Waembu husema Kimeru ni kama Kiembu chetu kikisemwa na mtu mwenye haraka, kwa hiyo nilitikisa kichwa kila walipotulia. Kumbe nilikuwa nashika neno moja kati ya matano. Wakaniuliza jambo, nikasema ndiyo. Wakauliza lingine, nikasema ndiyo, kabisa. Wakafungua kitita. Wakatafuna. Wakasifu. Mmoja akainuka akanimwagia baraka ndefu, na kila aliposhusha pumzi wengine waliitikia, nami nikaitikia nao.

Nikaona kazi imekwisha. Nikauliza kama naweza kuchukua leo leo. Wazee wakaangua kicheko. Yule mdogo wao akafuta machozi, akasema vijana wa Embu wana moto, na bado kuna mbuzi na asali. Mbuzi na asali! Nikafikiri, huu wembe una bei. Lakini nikasema nitaleta.

Hapo ndipo nikasikia nyimbo.

Zilikuwa zinapanda mlima. Sauti za akina mama, vigelegele, na moja kati ya sauti hizo naijua, nimelala kando yake miaka yote ya ndoa yangu. Lango likafunguliwa. Akina mama wa Majimbo wakaingia kwa kucheza. Mbele yao Mwaniki, ameshika kitita chake cha miraa kama mtoto mchanga. Kando yake mwanamke wa makamo, mzuri, mtulivu, bado ana saa ya wauguzi kifuani. Na nyuma yao, kwenye gauni la kitenge, Phyllis.

Wimbo ulikufa katikati ya neno.

Phyllis akanitazama. Akatazama kiti chenye kitambaa cheupe. Akatazama majani ya mgomba yaliyofunguliwa mezani, na wazee wanaotafuna. Mikono yake ikashuka taratibu. Sijawahi kuona uso ule. Nilizoea kumwona amekasirika, amechoka, ananicheka. Huu ulikuwa mwingine.

Winfred ndiye aliyesema kwanza. Alimwinamia baba yake akamwambia kwa Kiswahili, kila mtu asikie, kwamba mtu huyu aliyeketi hapa si mchumba wake, na hajawahi kumwona maishani.

Mchumba!

Yule mzee mdogo ndiye aliyenifafanulia, polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Mwanamume akileta kitita cha namna ile nyumbani kwa Mmeru, kimefungwa vile, mbele ya ndugu wa baba, hahitaji kusema neno. Kitita ndicho kinachosema. Kinaomba binti. Na wazee wakikifungua wakatafuna, basi ombi limepokelewa. Akaniuliza Waembu wa siku hizi hawafundishwi kitu? Mzee Kaimenyi naye alikuwa anapangusa macho kwa leso, akisema mchumba hajawahi kukutana naye, Winfred alimwambia tu ni mtu wa Embu, mpenda nyembe, na mimi mwenyewe niliulizwa nikajibu ndiye haswa, hakuna mwingine.

Ni kweli. Nilijibu hivyo.

Nikasema nilikuja kwa wembe. Nilisema mara kadhaa. Kadiri nilivyosema ndivyo ilivyosikika vibaya. Mama mmoja wa kwetu akauliza kwa sauti, mwanamume gani anavaa suti ya kijivu kwenda kutafuta wembe?

Wazee wakajitenga nyuma ya nyumba kushauriana. Tatizo lilikuwa kubwa. Miraa iliyotafunwa hairudi kwenye majani, na baraka iliyotolewa hairudi mdomoni. Kama kitita changu hakina maana, basi wametafuna aibu, na siku ya Winfred imeharibika. Niliwaona akina mama wakimshika Winfred mabega. Na Mwaniki, nasema kweli, alikuwa amesimama na kitita chake mikononi kama mtu aliyefika kituoni gari likiwa limeondoka. Kwa mara ya kwanza sikumwonea wivu. Huruma hiyo ilidumu muda mfupi sana.

Wakarudi. Uamuzi: kitita changu kihesabiwe kuwa nimekileta kwa niaba ya Mwaniki. Mimi ni mshenga wake, nimetangulia kumfungulia njia. Lakini mshenga lazima aseme. Nisimame mbele ya watu wote nimsifu ninayemwombea, na nikinyamaza au nikigugumia, shughuli imekwisha na kila mtu arudi kwao.

Nimsifu Mwaniki! Mimi!

Nilisimama. Nikamtazama Phyllis, naye akanitazama bila kupepesa. Nikaanza. Nikasema Mwalimu Mwaniki ni mtu safi. Nikasema huamka mapema. Nikasema akiazima ngazi huirudisha, tena imefutwa. Nikasema ukijikata huja na jiwe la shabu kabla damu haijakauka, na ukifanya ujinga mbele ya watu hukunong'oneza badala ya kukutangaza. Nikasema alimuuguza mke wake mpaka siku ya mwisho na hatukuwahi kumsikia akilalamika, na tangu siku hiyo amekuwa akinyoa ndevu nje barazani kwa sababu, nadhani, nyumba ile ni kimya mno. Sikujua nilikuwa najua hilo. Lilitoka lenyewe.

Nikasema mwisho kwamba ana kidevu kizuri kuliko vyote Embu. Hilo lilinitoka kama jino.

Vigelegele! Mwaniki alikuwa analia. Kumbe lile ombi lake la Jumanne lilikuwa ndilo hili. Alitaka mimi niwe mshenga wake.

Nilifikiri yameisha. Hapana. Mzee Kaimenyi akatoa wembe kwenye kitambaa. Desturi ya nyumba yake ni kwamba mkwe hunyolewa kwa wembe wa Burma siku anapopokelewa, na anayemnyoa ni mshenga. Wakaleta beseni, maji moto, sabuni, brashi. Mwaniki akaketi kwenye kiti cheupe, akaegemeza kichwa nyuma, akafumba macho.

Wembe niliouota mkononi mwangu. Koo la Mwaniki chini yake. Na Phyllis begani kwangu, akiniambia taratibu kwamba nikitoa tone moja la damu kwa huyu mtu, nitakuwa nalala studio kuanzia leo.

Nikalaza wembe. Nikavuta ngozi. Mwaniki, bila kufungua macho, alikuwa ananielekeza kwa kunong'ona: laza zaidi, usibonyeze, uache uzito wake ufanye kazi. Nami kwa mara ya kwanza nilimsikiliza. Wembe ukapita. Ukapita tena. Hakuna damu! Nilinyoa uso mzima bila kumkwaruza. Sijawahi kunyoa hivyo maishani, na uso haukuwa wangu.

Akainuka amepungua miaka kumi. Winfred akacheka kwa furaha akamgusa shavu. Kazi ya mikono yangu!

Mzee akataka kumkabidhi Mwaniki wembe, kwa kuwa sasa ni mtu wa nyumbani. Mwaniki akaomba kwa heshima upewe mshenga, maana mshenga haondoki mikono mitupu. Mzee akakubali. Nikapewa. Mbele ya watu wote nikapewa.

Njiani Phyllis alikaa dirishani. Tulipokaribia nyumbani akasema kwamba aliponiona kwenye kile kiti, kwa muda ule mfupi aliamini. Akasema hakuwa na hasira. Alikuwa anajiuliza atamwambia nini Muthoni wetu. Nilimshika mkono. Nikamwambia ni wembe tu, Mama Muthoni, ni wivu tu, na vyombo vyake vitarudi kabatini. Nilimaanisha kila neno.

Jumatano, 13 Agosti

Vyombo vimerudi kabatini, rafu ya chini. Wembe wa Burma uko juu, peke yake, taa inauwakia. Nimeutazama siku nzima. Wateja wawili wa picha za pasipoti wameondoka bila kupigwa.

Ni mzuri. Lakini jana nilipompigia Shueib kumringishia, akauliza kama niliupata na mwenzake. Mwenzake yupi? Akasema nyembe nyingi za aina hiyo ziliuzwa pacha, mbili katika kasha moja.

Sasa nimeelewa! Ndiyo maana Mwaniki alinigawia kirahisi vile. Nani hugawa kitu kama hiki bure, kwa mtu aliyeketi kwenye kiti chake? Ni yule tu anayejua kuna kilicho bora. Ule ukarimu wote ulikuwa wa kunifumba macho. Na mimi nikamsifu! Nikamnyoa!

Leo asubuhi alikuwa barazani anaimba puani. Alinipungia mkono. Kidevu kinang'aa kuliko kawaida. Nimejikata.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimempata.

Nilimfuata tangu asubuhi. Yeye na Winfred wameshuka mpaka Siakago, kwenye boma la wakulima fulani, nyumba ya bati jekundu. Nikakaa nyuma ya ua wa mikaktasi, safari hii si nyuma ya gari. Niliona kila kitu. Wamebeba leso mpya, sukari, unga wa uji, sabuni ya baa, na kitu kimoja cha ajabu: kofia ndogo ya sufu, rangi ya njano, saizi ya chungwa. Akina mama wa boma wakawapokea kwa vigelegele, wakaingia nao ndani, na wakafunga mlango. Walikaa muda mrefu sana. Mwaniki alipotoka alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeshikishwa kitu cha thamani.

Wembe wa pili uko mle ndani. Na bei yake sasa naijua: leso, sukari, unga, sabuni. Kofia ni ya kufunikia mpini usipate vumbi, hilo halihitaji shule.

Phyllis ameanza kuniambia ati rafiki mmoja wa Winfred huko Siakago amejaliwa sijui nini wiki hii. Nimeinua mkono. Nikiuliza uliza watu, habari zitamfikia Mwaniki.

Nakwenda Jumatatu. Nimeshanunua kila kitu, mara mbili ya walichobeba. Kofia mbili. Na nitavaa suti ya kijivu.